Barua ya wazi kwa Njyanama (Baraza) ya Wilaya ya Rusizi: Kabla ya mashine nyingine, ulizeni habari ya mkanda

Nyakabuye, Rusizi

Waheshimiwa Wajumbe,

Kazi yangu ni kunoa misumeno. Nilianza na ule wa watu wawili, mmoja amesimama juu ya gogo na mwenzake yuko chini shimoni akila unga wa mbao kutwa nzima. Tangu mashine za kuhamishika zilipoanza kupanda vilima vyetu, nanoa pia misumeno ya mkanda. Nimeona niandike hadharani, na nimeona niandike kwa Kiswahili. Tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi yetu, Rwanda, na wapasua mbao wenzangu wa Bugarama, wa Kamanyola ng'ambo ya Mto Rusizi na wa Bukavu, ambao tunaazimana tupa na maarifa, wataisoma bila mkalimani.

Ombi langu ni moja. Mnapopitisha fedha za kukinunulia chama cha ushirika mashine ya kupasua mbao, au mnapompokea mfadhili anayetaka kufanya hivyo, ulizeni kwanza habari ya mkanda. Ni wa aina gani? Iko mingapi? Nani atainoa, na atainoa kwa chombo gani? Majibu yakikosekana, fedha hizo zisitoke.

Mkanda ninaousema ni kile chuma chembamba chenye meno upande mmoja, kilichounganishwa ncha kwa ncha kikawa duara, kinachozunguka juu ya magurudumu mawili. Wengine huuita bledi, waliosoma kwa Kifaransa huuita lame. Injini huuzungusha tu. Mti unakatwa na mkanda.

Iko mashine moja ninayoifahamu. Sitasema ni ya nani wala nani aliiuza, maana siandiki kumshtaki mtu. Ilipofika ilishangiliwa, na ilistahili kushangiliwa. Ndani ya boksi mlikuwa na mikanda kumi. Wiki ya kwanza wenye mashine walipasua mgrevilea na msonobari, mbao zikatoka zimenyooka, laini hata seremala akazipitishia kiganja akitabasamu. Wiki ya pili wakaleta mikaratusi, inturusu kama tunavyoiita, kutoka mashamba ya juu. Ubao wa kwanza ukatoka na mawimbi. Wakakaza mkanda zaidi, mawimbi yakabaki. Wakasukuma kwa nguvu zaidi ili kazi iishe, mkanda ukakatika kwa mlio kama wa risasi. Mungu alisaidia, kifuniko kilikuwa mahali pake na hakuna aliyeumia. Wakafunga mwingine. Kabla ya miezi miwili kwisha, mikanda yote kumi ilikuwa vipande, na wenyewe wakasema mashine ni mbovu.

Vipande hivyo waliniletea kwenye gunia. Nikavitandaza uani, nikavisoma kimoja kimoja. Chuma hakifichi kilichokiua. Meno yalikuwa yameinama mbele sana, meno ya mti laini. Ncha za meno mengi zilikuwa za bluu, maana yake zilinolewa kwa grinda ya mkono iliyokandamizwa mpaka chuma kikaungua. Na kila ufa ulianzia mahali pale pale, chini kabisa ya bonde lililo kati ya jino na jino, ambako hakuna aliyenoa tangu mkanda utoke dukani. Mashine ilikuwa nzima. Iliyouawa ni mikanda, na imeuawa kwa kutochaguliwa na kutonolewa.

Haya si mageni duniani. Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno wa mkanda mwaka 1808. Wazo lilikuwa zuri, mashine ilikuwa sahihi, lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kuunganisha mkanda ukadumu, kila ulipozunguka kidogo ulikatika kwenye kiungo. Ilibidi kungoja hadi 1846, mwanamke Mfaransa, Anne Paulin Crépin, alipopata njia ya kuuchomelea. Kampuni ya Périn ya Paris ilinunua haki ya njia yake, ikaongeza chuma bora, ndipo msumeno huo ukaingia viwandani. Karibu miaka 40 mashine ilikaa ikisubiri mkanda. Nikipita pale ilipowekwa ile ninayoisema, namkumbuka mama yule.

Sasa niseme kwa nini jambo hili ni la fedha ya umma na si la fundi peke yake. Mashamba yetu ya miti ni vipande vidogo vya mlimani, na mwenye shamba huwa na ada ya shule au paa la kulipia, hivyo mti hukatwa ungali mwembamba. Kwa gogo jembamba kila milimita ina bei. Msumeno wa mnyororo ukipasua mbao, njia yake hula milimita 9 hivi kila inapopita. Mkanda wenye unene wa milimita 1.1, meno yake yakipindwa nusu milimita kila upande, hula milimita 2 na kidogo tu. Toeni mbao kumi za milimita 25 kwenye gogo moja: mnapita mara tisa kati yake. Mnyororo umegeuza milimita 81 kuwa unga, mkanda milimita 19. Tofauti ni milimita 62, yaani mbao mbili na ziada, kwenye kila gogo. Hiyo ndiyo sababu halali ya kununua mashine ya mkanda.

Lakini mkanda usiofaa ukitoa mbao zenye mawimbi, mpasuaji hulazimika kuzipasua nene, milimita 30 badala ya 25, ili seremala apate pa kupiga randa. Milimita 5 mara mbao kumi ni milimita 50. Karibu faida yote imeliwa, na mkopo wa mashine bado unadaiwa. Ndiyo maana nasema anayenunua mashine bila kuuliza mkanda ananunua hasara kwa bei ya faida.

Naomba mnivumilie niseme kwa urefu habari ya mkaratusi, kwa sababu ndio mti wetu. Uliingia nchini mwanzoni mwa karne iliyopita pamoja na wamisionari, na leo sehemu kubwa ya misitu iliyopandwa Rwanda ni ya aina hiyo. Ni mti wenye hasira ndani. Sehemu ya nje ya shina inavutika, ya katikati imebanwa, na hali hiyo hubaki imefungwa humo hadi siku ya kupasuliwa. Msumeno ukipita, ubao hujipinda wenyewe, ncha za gogo hupasuka kama mdomo, na wakati mwingine mti huubana mkanda katikati ya njia. Asiyejua hudhani mashine imezidiwa. Anayejua hupasua gogo likiwa bichi, hutoa mbao moja au mbili upande huu kisha hulipindua atoe upande wa pili, ili hasira ile itoke sawasawa, na huwa na kabari mkononi.

Mti huo hautaki jino la msonobari. Jino la mkanda lina mlalo, yaani kiasi linavyoinama mbele kuukabili mti, na mlalo hupimwa kwa nyuzi. Jino la nyuzi 10 huingia kwa pupa kwenye mti laini na linafaa sana huko. Kwenye mkaratusi pupa hiyo huligeuka: jino hujivuta ndani kuliko injini inavyoweza kulilisha, mkanda hutafuta pa kupitia, hupanda na kushuka, na mawimbi huanza hapo. Kwa mti mgumu tunataka jino lililosimama zaidi, nyuzi 7, na kwa mikaratusi iliyokomaa au iliyokauka hata nyuzi 4. Mpindo nao hubadilika. Mti laini na mbichi una nyuzinyuzi zinazorudi nyuma baada ya kukatwa, hivyo meno hupindwa zaidi ili mkanda usibanwe. Mti mgumu unataka mpindo mdogo, la sivyo injini inachoka kukata upana usiohitajika. Mpindo huo lazima ulingane kushoto na kulia. Ukizidi upande mmoja kwa kiasi ambacho jicho halioni, mkanda utahama upande huo kwenye gogo zima.

Msonobari una lawama yake pia. Ulimbo hugandamana na mkanda, huupa unene usio wake na kuutia joto. Tiba yake ni maji ya sabuni yanayodondoka juu ya mkanda wakati wa kazi, au kitambaa chenye mazutu kidogo. Mgrevilea sina neno nao, ni mti wa amani. Na kwa miti yote, tope. Huku kwetu gogo hushushwa kwa kuburutwa mlimani, na linafika mashineni limevaa udongo mwekundu wenye mchanga. Mchanga huo hufisha makali zaidi kwa dakika kuliko mti unavyoyafisha kwa saa nzima. Ndoo ya maji na brashi ya waya, au kulimenya gogo maganda, ni ulinzi wa mkanda ambao hauhitaji zabuni.

Wanaonunua huvutiwa na mkanda mpana na mnene wakidhani ndio wenye nguvu. Si kila mashine inaumudu. Bugarama ndiyo sehemu ya chini kabisa ya nchi yetu, mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari pale unapopita Mto Rusizi, na ukipanda kuelekea Cyamudongo unavuka mita 1,700. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ile iliyoandikwa nguvu za farasi 15 kwenye karatasi ya dukani, kule juu inafanya kazi na kumi na mbili na nusu. Mashine hiyo ipewe mkanda wa upana wa milimita 32, unene wa 0.9 au 1.1, na ulishaji wa taratibu. Mkanda mnene zaidi utaichosha injini, na zaidi ya hapo utakufa mapema kwa kupindwa kwenye magurudumu madogo.

Watu hawaamini ninapowaambia mkanda hufa kwa kupindwa. Chukueni mkanda wa mita 4 unaokwenda mita 25 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa mashine hizi. Kila sekunde unazunguka mara sita na zaidi, na kila mzunguko unapinda juu ya magurudumu mawili. Kwa saa moja ni kama mara 45,000. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni kwamba unene wa mkanda usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Mashine za kuhamishika, ambazo gurudumu lake halifiki nusu mita, huivunja kanuni hiyo kila siku, maana haziwezi kufanya vingine. Kwa hiyo mkanda wake lazima upumzishwe. Baada ya saa moja au mbili za kazi utolewe, utundikwe, ufungwe mwingine. Jioni mkazo ulegezwe. Chama chenye mikanda mitatu hakiwezi kufanya hivyo. Kitautumia mmoja mpaka ukatike. Chama kinahitaji kumi au kumi na miwili inayopokezana zamu: michache ya nyuzi 10 kwa msonobari na mgrevilea, mingi zaidi ya nyuzi 4 na 7 kwa mikaratusi.

Na hapo tunafika kwenye kunoa, ambako ndiko tumepungukiwa kuliko kote. Waswahili husema kinolewacho hupata, lakini mkanda haunolewi kama panga. Jiwe linapaswa kufuata umbo lote, lishuke uso wa jino, lipite chini ya bonde, lipande mgongo wa jino linalofuata, likiondoa tabaka jembamba kila mahali. Sababu yake ni kwamba nyufa ndogo zisizoonekana huanzia chini ya bonde. Ukizipitia kwa jiwe unaziondoa kabla hazijakua, ukinoa ncha tu unaziacha zikomae. Jiwe liguse kwa wepesi na kwa kimiminika cha kupoza, ili chuma kisiwe cha bluu. Kabla ya hapo meno yapimwe mpindo kwa kipimo chenye saa, si kwa jicho la mtu, hata liwe jicho langu. Mkanda uliotunzwa hivyo hurudi kazini mara kadhaa. Ule wa grinda ya mkono nimeuona ukikatika siku ile ile uliyotoka kunolewa.

Mashine ya kunolea mikanda na chombo cha kupinda meno havizidi ukubwa wa meza ya cherehani, na vinaweza kuhudumia vyama vya tarafa nzima na majirani zake. Hadi leo mimi hutumia tupa, jiwe la mkono na kifaa cha kupindia nilichokitengeneza mwenyewe kwa chuma cha baiskeli. Nafanya ninaloweza. Mkanda mmoja hunichukua nusu siku, na sina kipimo ninachoweza kukiapia. Vijana wawili wananifuata, mmoja wao msichana mwenye mkono mtulivu kuliko wangu, nami nawafundisha makosa yangu pamoja na ujuzi wangu, kwa sababu sina namna ya kuyatenganisha.

Tanzania walitambua mapema kwamba kunoa misumeno ni taaluma inayofundishwa darasani. Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa misumeno kwa miongo kadhaa. Rwanda imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Moshi si mbali kwa anayetumwa na wilaya yake. Karibu zaidi, upande wa pili wa msitu wa Nyungwe, tuna chuo cha Kitabi kinachofundisha mambo ya misitu. Pelekeni vijana wawili kwa mwaka, wapewe miezi michache, warudi. Mtu mmoja anayejua mkanda ana faida kuliko mashine ya pili.

Kuna jambo lililo juu ya vichwa vyetu, na nalisema kwa uzito wake. Msitu wa Cyamudongo tunauona kutoka hapa. Ni mdogo, umejitenga na Nyungwe, una sokwe wake, na tangu 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe. Mwaka 2023 hifadhi hiyo, Cyamudongo ikiwemo, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mnatuambia tusiuguse, na sisi tumekubali. Basi mbao za mapaa, za vitanda, na za kofraji kwa kila nyumba inayojengwa kwa saruji inayotoka hapa hapa kwetu Rusizi, zote zitoke kwenye miti tuliyoipanda wenyewe. Kila mbao mbili tunazozigeuza unga kwa mkanda mbovu ni sababu ya kukata mti mwingine. Mti wa shambani ukiisha, mtu mwenye njaa hutazama juu mlimani. Siyasemi haya kutisha. Niliyaona nilipokuwa kijana shimoni, msumeno wa watu wawili mkononi, tukipasua miti ambayo leo singeigusa.

Najua wilaya hupimwa kwa imihigo, yaani ahadi zake za utendaji, na najua mashine zilizotolewa huhesabika kwa urahisi. Naomba kwa heshima kwamba ahadi ya safari ijayo iandikwe kwa namna nyingine: ni mita ngapi za ujazo za mbao zilizonyooka zilizotoka, na mashine ngapi zilikuwa zikifanya kazi miezi kumi na miwili baada ya kukabidhiwa. Ahadi ikiandikwa hivyo, afisa wa manunuzi atauliza mwenyewe habari ya nyuzi na unene. Katika zabuni yake ataandika aina ya miti ya tarafa husika, mwinuko wa mahali na idadi ya mikanda, na hatamlipa muuzaji mpaka magogo matatu ya mkaratusi wa huku yamepasuliwa mbele ya wanachama na mbao zikapimwa kwa rula.

Kwa hiyo nawaalika. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, kazi yetu ya pamoja ya jamii, mjumbe yeyote aje Nyakabuye. Nitamwonyesha lile gunia la vipande, nitamwonyesha ubao wenye mawimbi na ulionyooka uliotoka kwenye gogo moja, mashine moja, siku moja, kwa mikanda miwili tofauti. Mkanda wa pili, wa nyuzi 4, niliuazima Bukavu na nimeshaurudisha.

Mashine ile iko pale pale, chini ya turubai. Nimeiwasha juzi na injini iliitika mara ya pili nilipovuta kamba. Haina mkanda.

Wenu katika kazi,

Mnoa misumeno wa Nyakabuye